Dereva Aliniona: Fizikia ya Vigari kwa Watoto wa Tassia

Haya ni maneno aliyoyatoa mwalimu mstaafu wa fizikia mbele ya wazazi na walimu wa chekechea katika mtaa wa Tassia. Tunayachapisha kwa kuwa wazazi wengi waliomba kuyapata kwa maandishi, ili wayajaribu nyumbani.



Nimeombwa nizungumze kuhusu namna ya kumfundisha mtoto mdogo sayansi. Mnaona nilichokuja nacho: ubao mmoja, vitabu vinne vyenye unene sawa, vigari viwili, gunia moja, rula na kikombe cha maharagwe. Sikuleta kompyuta wala kifaa cha maabara. Vitu hivi vyote nimevitoa nyumbani, na kigari hiki kimoja kimetengenezwa kwa pakiti ya maziwa na vifuniko vya soda.

Kabla ya kuanza, niwaeleze kwa nini nilikubali kuja.

Nina mjukuu wa miaka sita. Siku moja jioni alikuwa akicheza mpira na wenzake kando ya geti la ploti. Mpira ukatoka nje, naye akaufuata mbio. Pikapu ilikuwa inakuja. Dereva alipiga breki, magurudumu yakalia, watu wakapiga kelele. Bampa ilimgonga mguuni akavunjika mfupa wa muundi. Alikaa na plasta majuma sita. Tunamshukuru Mungu kwamba ni mguu tu.

Siku ya tatu nilimwuliza kwa upole: "Kwani hukuliona lile gari?" Akaniambia: "Nililiona, babu. Na dereva aliniona. Tuliangaliana. Ndiyo maana nilijua atasimama."

Wazazi, maneno hayo yalinikosesha usingizi. Mtoto hakusema uongo. Dereva alimwona kweli, na alipiga breki kweli. Kilichokosekana pale ni jambo moja ambalo mtoto hakulijua: kwamba gari likiwa katika mwendo, kumwona mtu ni kitu kimoja na kusimama ni kitu kingine. Hilo ni somo la fizikia. Mimi nimelifundisha kwa miaka 31, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, nikichora mishale na kuandika kanuni ubaoni. Lakini mtoto anayelala chumba cha pili nyumbani kwangu sikuwa nimemfundisha, kwa sababu nilidhani bado ni mdogo.

Leo nataka kuwaonyesha kwamba si mdogo. Mtoto wa PP1 anaweza kulielewa, mradi tumpe kigari badala ya kanuni.

Kwa nini kigari

Chini ya Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, elimu ya chekechea ni kazi ya serikali ya kaunti. Ndiyo sababu walimu wa chekechea wako hapa leo, na ndiyo sababu tunazungumza nanyi wazazi. Lakini mtoto huwa darasani saa chache tu. Saa nyingine zote yuko kwenye ujia wa ploti, kwenye ngazi, sebuleni, na mara nyingi mkononi ana kigari.

Mtazame anavyocheza. Anakisukuma polepole, halafu kwa nguvu. Anakishusha kwenye mkono wa kochi. Anakipakia vijiti na kokoto. Anavigonganisha viwili aone kipi kitapinduka. Sisi tunasema anatuletea kelele. Kwa hakika anauliza maswali: Nikisukuma zaidi, je? Mlima ukiwa mrefu zaidi, je? Mzigo ukiwa mzito, je? Kazi yetu si kuanzisha jambo jipya, ni kukaa naye dakika kumi na kumwuliza swali moja zuri.

Ujue pia kwamba mchezo huu una historia ya heshima. Mtaliano Galileo alitaka kujua jinsi vitu vinavyoongeza kasi vinapoanguka. Vitu vinavyoanguka moja kwa moja vilikuwa na kasi kupita kiasi, na hakuwa na saa ya kupima sehemu ndogo za sekunde. Alichofanya ni kuteremsha mpira mdogo wa shaba nyeusi kwenye mfereji wa ubao ulioinama, akapima muda kwa maji yaliyochuruzika kikombeni. Matokeo aliyachapisha mwaka wa 1638, na vitabu vya shule bado vinayafundisha. Ubao ulioinama na kitu kinachoteremka: mwanao anafanya hilo hilo kwenye mkono wa kochi.

Mchezo wa kwanza: kitabu kimoja na vitabu vinne

Sasa tazameni. Ubao huu naulaza, ncha moja iwe juu ya kitabu kimoja. Pale ubao unapogusa sakafu nimeweka kipande cha katoni ili kigari kisigonge kona. Naweka kigari juu kabisa.

Kabla sijakiachilia, ninyi watoto niambieni: kitafika wapi? Huyu anasema kigae cha pili. Yule anasema ukutani. Vizuri. Kila mmoja aweke kifuniko cha soda pale anapodhani. Mimi sikisukumi. Naondoa kidole tu.

Kimesimama kigae cha tatu. Narudia mara ya pili, ya tatu. Ni pale pale, au karibu na hapo.

Sasa naongeza vitabu, viwe vinne. Kitafika wapi? Wengi mmesema kigae cha nne au cha tano. Tuone. Kimefika kigae cha kumi na moja!

Wazazi, hapa ndipo penye somo. Kigari kinachoteremka kutoka kimo cha vitabu vinne, kikifika chini, mwendo wake ni takriban mara mbili ya kile cha kitabu kimoja. Si mara nne, ni mara mbili tu. Lakini umbali wa kusimama umekuwa karibu mara nne. Ukiongeza mwendo mara mbili, nafasi ya kusimama inaongezeka mara nne. Kama si kona ya pale chini inayokinyang'anya kigari mwendo kidogo, kingefika kigae cha kumi na mbili.

Tuhame sasa kutoka ubaoni twende barabarani. Chukua gari dogo lenye breki nzuri kwenye lami kavu. Likienda kilomita 30 kwa saa, kuanzia breki zinaposhika hadi linaposimama, litakwenda mita 5 hivi. Likienda kilomita 60 kwa saa, litakwenda mita 20 hivi. Mwendo mara mbili, umbali mara nne. Ni vile vitabu vyetu.

Na hizo mita ni za breki peke yake. Kuna sehemu nyingine.

Mchezo wa pili: rula inayoanguka

Njoo hapa, mama. Weka vidole viwili wazi, kama unayetaka kubana kitu. Mimi nashika rula kwa juu, alama ya sifuri iwe kati ya vidole vyako. Nikiiachilia, wewe idake. Sitakuambia ni lini.

Umeidaka kwenye sentimita 20. Si kwamba wewe ni mzito, hapana, ndivyo ilivyo kwa watu wengi. Kwa rula kuanguka sentimita 20 huchukua kama sehemu ya tano ya sekunde. Ulikuwa umejiandaa, unaitazama rula, na vidole viko tayari. Hata hivyo ilipita.

Sasa mfikirie dereva. Hakujiandaa. Jicho lake liko kwenye kioo cha pembeni au kwenye abiria anayepunga mkono. Lazima aone, aelewe, atoe mguu kwenye mafuta, auweke kwenye breki. Tukimpa sekunde moja hatujamwonea. Katika sekunde hiyo gari halijapunguza mwendo hata kidogo. Likiwa kilomita 30 kwa saa linakwenda mita 8. Likiwa kilomita 60 kwa saa linakwenda karibu mita 17.

Tujumlishe. Kilomita 30 kwa saa: mita 8 za kushtuka na mita 5 za breki, jumla 13. Hizo ni kama matatu mbili na nusu za abiria 14 zikipangwa mkia kwa kichwa. Kilomita 50 kwa saa, ambazo ndizo kikomo cha sheria mijini: mita 14 na mita 14, jumla 28. Hizo ni zaidi ya matatu tano. Kilomita 60 kwa saa: mita 17 na mita 20, jumla 37, zaidi ya matatu saba. Na hapo lami ni kavu. Mvua ikinyesha, umbali wa breki unaweza kuongezeka hata mara mbili.

Mjukuu wangu nilimfanyia michezo hii miwili akiwa bado na plasta, mguu ukiwa juu ya mto. Alikiachilia kigari mwenyewe kutoka kwenye vitabu vinne. Mwishoni alinyamaza, kisha akasema: "Babu, kumbe hata angetaka hangeweza."

Maneno hayo ndiyo ninayotaka kila mtoto wa Tassia ayaseme siku moja, lakini ayaseme sakafuni, kabla hajafika barabarani.

Mchezo wa tatu: mkokoteni na gunia

Nitandike gunia pale kigari kinapopita. Vitabu vinne vile vile, ubao ule ule. Kitafika wapi? Tazama, kimefika kigae cha nne tu.

Mwulize mtoto: nani amekishika? Ataangalia huku na huku. Kisha mwambie apitishe kiganja juu ya kigae, halafu juu ya gunia. Gunia linakwaruza, kigae kinateleza. Huko kukwaruza ndiko tunakokuita msuguano, na ndiko kunakosimamisha magari yote duniani.

Mkitaka mfano mkubwa, mtazameni mvuta mkokoteni anayeshuka na magunia ya viazi. Mkokoteni hauna breki ya mguu. Nyuma kumefungwa kipande cha tairi kuukuu. Anapotaka kupunguza mwendo huinua mbele, nyuma kukashuka, na ile tairi ikakwaruza lami. Huyo ndugu hajaketi darasani kwangu, lakini msuguano anaujua kuliko wanafunzi wangu wengi. Ukipita naye barabarani ukiwa na mtoto, msimame kando mtazame. Kisha umwulize mtoto: leo lami ingekuwa na matope, ingekuwaje?

Na hili ni swali la kwetu hasa. Udongo wetu mweusi ukilowa hubebwa na magurudumu hadi kwenye lami, ukawa kama sabuni. Nyumbani, mwaga maji kidogo kwenye kigae kisha pitisha soli ya patipati kikavu na kwenye maji. Mtoto atahisi tofauti kwa mkono wake mwenyewe.

Mchezo wa nne: kigari chenye mzigo

Hapa nina vigari viwili vinavyofanana. Hiki kitupu, hiki nimekijaza maharagwe. Nikiviachilia pamoja, kipi kitafika chini kwanza? Nyosheni mikono. Wengi mnasema cha maharagwe, hata wazee.

Tuone. Vimefika karibu pamoja. Turudie. Karibu pamoja tena. Msione haya, watu wenye elimu kubwa waliamini hivyo hivyo kwa karne nyingi kabla ya Galileo.

Lakini msiondoke. Sasa naweka kisanduku cha kibiriti mwisho wa ubao. Kigari kitupu kimekigonga, kisanduku kimesogea kidogo. Kigari cha maharagwe, chenye mwendo ule ule, kimekisukuma mbali. Mwendo ni ule ule, ila kishindo kinatofautiana. Ndiyo maana lori la mchanga linalokwenda polepole halifai kuchezewa. Mtoto huangalia mwendo tu, anasema "linakuja pole." Mfundishe kuangalia na mzigo.

Mchezo wa tano: abiria wa unga

Huu watoto huupenda kuliko yote. Kanda unga wa ngano kidogo, tengeneza mtu, mketishe juu ya kigari. Mwisho wa ubao weka kitabu kizito. Achilia. Kigari kimegonga kitabu kikasimama. Abiria je? Ameruka mbele, yuko kule.

Hakuna aliyemsukuma. Yeye alikuwa akisafiri pamoja na kigari, na kigari kiliposimama, yeye aliendelea na safari. Sasa mfunge kwa mpira wa pesa, achilia tena. Amebaki. Mwulize mtoto: huo mpira ni nini kwenye matatu? Atakuambia ni mshipi.

Wakubwa mnakumbuka Februari 2004, kanuni tunazoziita za Michuki, kwa jina la aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi John Michuki, zilipoanza kutekelezwa. Matatu zilitakiwa kuwa na mishipi na vidhibiti mwendo visivyoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa. Wengi tulilalamika. Mishipi ile ilikuwa kwa ajili ya huyu abiria wa unga. Na ukimpakata mtoto kwenye kiti cha mbele bila mshipi, mikono yako haitamzuia, kwa sababu hata wewe utakuwa unaruka.

Namna ya kuuliza

Walimu, wazazi, sasa nazungumza nanyi kuhusu ufundi wenyewe. Nina mambo manne.

Kwanza, mtoto abashiri kabla ya kuachilia kigari. Aweke kifuniko chake. Bila kubashiri anatazama tu. Akibashiri, anangoja jibu lake.

Pili, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukiongeza vitabu na kuondoa gunia kwa pamoja, mtoto hatajua ni kipi kilichofanya kazi. Hili ni gumu kwa watoto, na hata kwa watu wazima.

Tatu, rudia mara tatu. Mara moja kigari hupinda, gurudumu hukwama. Hesabuni vigae, au pimeni kwa shibiri. Hapo amefanya Shughuli za Hisabati na Shughuli za Mazingira kwa pamoja, na hajui kama amefundishwa.

Nne, usimcheke akikosea, na usimkatize akiona jambo ambalo wewe huamini. Mwaka wa 1963, jirani hapa Tanganyika, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu. Aliweka kwenye friza mchanganyiko wake ukiwa bado moto, ukaganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Alipouliza darasani alichekwa. Hakuacha. Baadaye, akiwa Mkwawa huko Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuwatembelea. Osborne hakucheka, alikwenda kujaribu. Mwaka wa 1969 wakachapisha makala pamoja, na leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba ulimwenguni kote. Wataalamu bado wanabishana juu yake hadi sasa. Lakini wanabishana kuhusu swali la mwanafunzi aliyekataa kunyamaza. Je, ni maswali mangapi tumeyazima sisi kwa kusema "nyamaza, unasumbua"?

Na jambo lingine la pembeni lakini si dogo: wasichana nao wapewe kigari. Mvulana akipewa gari na msichana mwanasesere tu, tumeshaamua nani atakuwa fundi kabla hawajafika darasa la kwanza. Mwanasesere huyo anaweza kuwa abiria, na mwenyewe akawa ndiye anayepima umbali.

Kigari bila pesa

Kuna mzazi ataniambia: mwalimu, kigari cha dukani ni pesa, na mwezi umefika kona. Usinunue. Chukua pakiti ya maziwa, vifuniko vinne vya soda, mrija mmoja na vijiti viwili vya mishikaki. Kata mrija vipande viwili, vigundishe chini ya pakiti. Pitisha vijiti ndani ya mirija, toboa vifuniko katikati, vivike mwishoni. Au tumia soli ya patipati kuukuu kukata magurudumu. Wale waliotengeneza gari la waya utotoni wanajua zaidi yangu, wafundisheni watoto wenu.

Kigari kikikataa kwenda, usikitupe na usikitengeneze wewe. Mwulize mtoto: kimekwama wapi? Atagundua kijiti kinabana mrija, au kifuniko hakikutobolewa katikati. Kwenye kigari cha dukani hapati nafasi hiyo.

Tahadhari tatu. Ncha za waya na za vijiti zikunjwe au zikatwe. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asiachiwe vifuniko na magurudumu madogo, ataviweka mdomoni. Na mchezo wenyewe ufanyike sebuleni au kwenye ujia wa ploti, geti likiwa limefungwa. Usifanyike barabarani wala juu ya paa la ghorofa.

Jambo ambalo kigari hakiwezi

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimesema mtoto aliyecheza michezo hii anaweza kuvuka peke yake. La. Mtoto mdogo bado hawezi kukadiria vizuri gari liko mbali kiasi gani na linakuja kwa kasi gani. Macho na akili yake vinahitaji miaka zaidi. Kigari hakichukui nafasi ya mkono wako. Mshike mkono. Kwenye Outering tumieni kivuko cha juu, hata kama ngazi ni nyingi na mmechelewa. Kwenye barabara za ndani, mfundishe kungoja hadi gari lisimame kabisa, magurudumu yasizunguke, ndipo avuke. Asiridhike na kuonwa.

Na somo hili si la watoto peke yao. Wenye magari, madereva wa matatu na ndugu zangu wa bodaboda mlio hapa, mjukuu wangu alijifunza fizikia yake akiwa na plasta. Dereva yule alinijia nyumbani akilia. Hakuwa mlevi, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anawahi kufika tu. Kama angekuwa kwenye kilomita 30 kwa saa badala ya 50, angehitaji mita 13 badala ya 28. Hizo mita 15 za tofauti ndizo zilizokuwa mguu wa mtoto. Ndani ya mtaa, ambapo geti linafunguka moja kwa moja barabarani na watoto hawana uwanja, punguzeni mwendo kabla hamjaona mtoto. Mkimwona, huenda mmechelewa.

Wazazi, siwapi kazi nyingi. Juma hili tafuta ubao na vitabu vinne. Kaa chini na mtoto dakika kumi. Mwulize: "Kitafika wapi?" Halafu nyamaza, umwache aone.

Sasa watoto, njooni mezani, kila mtu na kifuniko chake. Nimeongeza kitabu cha tano. Nani ataniambia kitafika kigae gani?